Mzee Povu, Mtu wa Mitungi na Tovuti, Anatuaga

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kupita geti lile lile la chuma, mwenzetu tunayemwita Mzee Povu anastaafu. Aliingia akiwa kijana wa kubeba mitungi ya oksijeni begani. Anaondoka akiwa msimamizi wa karakana na mtu aliyeitunza tovuti ya kampuni tangu ilipozaliwa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mpokea simu, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu meza yangu na karakana yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mengi aliyodhani hayasikiki nimeyasikia.

Wasifu wa namna hii huwa na utamu wake. Nilikuwa nimeandika mmoja mtamu kweli kweli, vichekesho huku, sifa kule, nikampelekea ausome. Akaurudisha kabla ya chakula cha mchana. Alisema ni mzuri, ila nimemsahau mtu mmoja, na kama mtu huyo hayumo, basi siku ya sherehe tule, tunywe, tusisome kitu. Mkurugenzi naye alitaka mtu huyo huyo asiwemo. Mtaona wenyewe nimemsikiliza nani.

Nianze na jina, maana wageni huuliza. Kampuni yetu inajaza mitungi ya oksijeni na kuikodisha, pamoja na vitanda vya wagonjwa, kwa familia zinazouguza watu wao nyumbani. Mtungi unaovuja usiku kucha hukutwa mtupu asubuhi, na mgonjwa hawezi kusubiri. Kuna vifaa vya kisasa vya kupima uvujaji, na tunavyo, lakini mzee wetu hakuwahi kuamini kitu chochote kama anavyoamini sabuni. Anachovya brashi kwenye kopo la maji ya sabuni, anapaka koki na kila maungio, kisha anainama na kutazama kama povu linavimba. Mtungi haukupakiwa garini bila yeye kuinama hivyo, hata kama dereva amewasha injini na anapiga honi kwa hasira.

Mazoea yana tabu. Alipaka sabuni birika la chai la ofisini. Alipaka matairi ya gari la mkurugenzi wa kwanza, marehemu, baba wa huyu wa sasa, akakuta kweli panavuja, na dereva wa bosi akamnunia kwa muda mrefu kwa kumwonesha mjinga. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe alitafutwa kwa ajili ya picha, akakutwa nyuma kwa wapishi na brashi yake, anapaka jiko la gesi, shati jeupe limelowa hadi kwenye mikono. Mkewe hadi leo akisimulia hilo anacheka huku ana hasira.

Mafundi wote mnaowaona karakana leo wamepita mikononi mwake. Alikuwa mkali, hana dogo, lakini hakumfokea mtu mbele ya mteja, na hakuna mtungi uliotoka kwake ukarudishwa kwamba unavuja. Hilo siyo sifa ya kutia chumvi. Kaulizeni kwa madereva, ambao ndio wangefurahi kumkosoa.

Sasa tovuti. Mkurugenzi wa kwanza alirudi siku moja kutoka mkutanoni akasema kila kampuni ina tovuti isipokuwa sisi. Hakuna aliyejitokeza. Mzee Povu akaenda kusoma kompyuta jioni baada ya kazi, darasani na watoto wa rika la bintiye, wakimcheka anavyotafuta herufi kwa kidole kimoja. Akaitengeneza mwenyewe. Siku aliyoifungua tulisimama nyuma ya kiti chake tukapiga makofi, na yeye akajifanya anafuta miwani.

Ilikuwa tovuti ya mtu wa karakana. Rangi yake ilikuwa njano ya kuumiza macho, na herufi nyekundu zilikimbia kutoka kulia kwenda kushoto kukaribisha wateja. Kulikuwa na picha ya geti letu, na mbwa wa jirani amelala mbele yake. Kulikuwa na cheti cha usajili, kimepigwa picha kikiwa kimepinda. Na kitu cha kwanza ambacho mteja alikisoma, kabla ya salamu, kabla ya namba ya simu, kilikuwa masharti: mteja atawajibika kwa upotevu au uharibifu wowote wa mtungi. Chini ya hapo palikuwa na tangazo kwamba ofisi imefungwa kwa muda kwa ajili ya kuhesabu mali ya stoo. Kuhesabu huko kulikwisha zamani sana, lakini tangazo lilibaki. Sisi wa ndani hatukuliona, maana nani anahangaika kufungua tovuti ya mahali anapoingia kila asubuhi kwa miguu yake?

Mimi nililisikia kwenye simu. Watu walikuwa wakipiga na kuuliza, "Hivi nyie bado mpo?" Nikamwambia mzee kwamba ile tovuti inatutia aibu, herufi zinakimbia kama zinafukuzwa, tuiboreshe. Akaniambia tapeli ndiye anayejipamba. "Mimi nijipambe kwa nini," alisema, "wakati mtungi ninao, na umejaa?" Akaongeza kwamba mtu anayetafuta pumzi hatazami rangi. Kwa miaka mingi ilionekana yuko sahihi, kwa sababu wateja wetu waliletwa na manesi waliotujua, na aliyeletwa na mtu anayemwamini hana haja ya kukagua kitu. Baadaye manesi wakawa na kazi nyingi kuliko muda, wakaanza kuwaambia watu, tafuta tu kwenye simu.

Hapa ndipo anapoingia mtu niliyeambiwa nisimsahau.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anamuuguza mumewe, fundi cherehani, mtu ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka kabla ya umri wake. Hospitali iliwaruhusu warudi nyumbani na mtungi mmoja. Jumamosi moja asubuhi mwalimu aliona mshale wa kipimo cha mtungi umeshuka, akashika simu akatafuta kampuni ya oksijeni. Ya kwanza kujitokeza ilikuwa ya kwetu. Akaifungua, akaitazama, akaifunga.

Ya pili ilikuwa na jina letu. Ilikuwa na nembo yetu, imechorwa upya vizuri. Ilikuwa na cheti chetu, kimenyooshwa. Rangi zake zilikuwa nyeupe na bluu ya kutuliza, na kulikuwa na picha ya nesi ameshika mkono wa mzee kitandani. Pembeni kikafunguka chenyewe kisanduku cha mazungumzo, kikaandika: "Pole sana kwa kuuguza. Mgonjwa wako anaendeleaje?" Mwalimu akajibu. Mtu wa upande wa pili akamuuliza kwa upole kama mgonjwa alipata usingizi, kama anakula, kama yeye mwenyewe ana wa kumsaidia. Kisha akamwomba alipie ili gari litoke. Akalipia.

Siku nzima gari lilikuwa njiani. Mara foleni, mara tairi, mara dereva amepotea mtaa. Kila jibu lilianza na neno pole. Mume wa mwalimu alifariki alasiri, mkewe akiwa ameshika simu kwa mkono mmoja na mkono wa mumewe kwa mwingine.

Siku hiyo uwanjani kwetu mitungi iliyojaa ilikuwa imepangwa ukutani, imepakwa sabuni, imekaguliwa. Madereva walikuwa kivulini wanacheza drafti na kulalamika kwamba kazi imelala. Nyumba ya mwalimu iko mtaa wa pili kutoka hapa. Niliwahi kwenda huko kwa miguu na kurudi, na chai niliyoiacha mezani niliikuta bado ina moto. Sijawahi kusema hilo kwa mtu, na naona uchungu hata kuliandika.

Baada ya mazishi alikuja. Alikuwa anaitafuta kampuni iliyomwibia, akaulizia jina, watu wakamwelekeza kwetu. Alifika getini akasimama. Akatazama geti, akatazama simu yake, akatazama geti tena. Mbwa wa jirani alikuwepo pia. Nilitoka kumpokea, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Dada, hili geti nililiona."

Mkurugenzi aliwapigia polisi na mwanasheria, kisha akashuka akasema maneno aliyofundishwa: kwamba sisi pia ni waathirika, kwamba polisi wamearifiwa, kwamba kampuni haihusiki na tovuti ile. Hakuna hata neno moja lililokuwa uongo, wala hakuna lililomfaa mwalimu. Ndipo Mzee Povu akatoka karakana, brashi bado iko mkononi, akavuta benchi, akamwomba mwalimu akae, akakaa kando yake.

"Mwanangu," alimwambia, "ya kwetu ulipoifungua, uliona nini?"

Mwalimu alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la kipumbavu. Lakini ni mwalimu, akajibu. "Niliona herufi zinakimbia, mzee wangu. Nikaona mmeandika mmefunga. Nikaona mnanitisha habari za kupoteza mtungi hata sijaupata. Nikasema, hawa ndio matapeli wenyewe."

"Na ile nyingine?"

"Ile iliniambia pole."

Mwalimu alipoondoka, mzee alirudi karakana, na kupitia upenyo wa mbao nilimwona akipaka sabuni mtungi mtupu, anainama, anatazama, anapaka tena. Niliogopa.

Tangu siku hiyo wengi wamemwambia asijitese, aliyeua ni mwizi. Anajua. Anawachukia wezi wale kwa chuki ambayo sikujua anayo. Lakini ukimwambia hana lawama anakasirika zaidi kuliko ukimlaumu. Anasema mwalimu alikuja kwanza kwetu, na sisi ndio tuliomrudisha. Nimelifikiria sana jambo hilo, na siwezi kumbishia. Tulidhani uaminifu wetu uko ndani ya mitungi na utajionesha wenyewe. Mwalimu hakuuona mtungi. Aliona ukurasa kwenye kioo cha simu, mgonjwa wake anahema kwa shida, na ukurasa wetu ulimkaripia.

Mzee aliishusha tovuti yake kwa mkono wake mwenyewe kesho yake, akaenda kwa mkurugenzi kuomba aajiriwe mbunifu. Akaja binti mmoja ambaye madereva walimpa jina la Binti Rangi siku hiyo hiyo. Mzee Povu, mtu ambaye alikuwa hakubali kufundishwa hata kufunga mlango, alikaa nyuma ya binti yule kama mwanafunzi. Alimwomba mambo machache tu. Neno la kwanza liwe pole. Masharti yaende mwisho. Namba ya simu ionekane bila kutafutwa, na anayeipokea awe mtu, yaani mimi. Binti Rangi naye alikuja mpaka karakana, akapiga picha za mafundi wakiwa kazini, mikono michafu na yote, badala ya kununua picha za manesi wasiomjua mtu hapa. Ilitoka tovuti nzuri. Nasema kweli, nilijivunia.

Kabla haijafunguliwa kwa watu, mzee aliniomba nimsindikize kwa mwalimu. Njiani aliniambia jambo ambalo ndilo moyo wa wasifu huu. Alisema muda wake wa kustaafu umefika, lakini haoni atatokaje. Anataka kumwonesha mwalimu tovuti mpya na kumuuliza swali moja: siku ile ungeiamini hii? Akisema ndiyo, basi ataweza kuvua ovaroli aende nyumbani. Akisema hapana, hajui afanye nini na maisha yaliyobaki.

Mwalimu alitupokea sebuleni. Cherehani ya marehemu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Alishika simu, akaitazama tovuti ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, kama anayesahihisha mtihani. Tulisubiri. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti na kofia magotini.

"Ningeiamini," alisema mwisho.

Mzee Povu alishusha pumzi. Lakini mwalimu hakuwa amemaliza. Alimrudishia simu na kusema, bila ukali wowote, "Lakini hata ile niliiamini, baba. Zinafanana."

Tulirudi kazini. Alichosema kilikuwa wazi kama jua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekifikiria. Pole yetu mwizi anaweza kuinakili. Rangi yetu anaweza kuinakili. Mafundi wetu anaweza kuwaiba, na mikono yao michafu. Kila kizuri tulichokiweka pale ili tuaminiwe kilikuwa kitu cha yeye kuja kuchukua. Kwa siku kadhaa mzee alifanya kazi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mkewe alinipigia kuniuliza kama anaumwa.

Kisha asubuhi moja alikwenda ofisini kwa mkurugenzi na kudai mstari mmoja uwekwe juu kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, zisizokimbia: usilipe chochote mpaka uuone mtungi mlangoni kwako.

Mhasibu alishika kichwa. Alisema watu watapokea mitungi na kufunga milango, kwamba madereva watageuzwa wakusanya madeni, kwamba biashara ya namna hiyo haipo. Mkurugenzi akakubaliana naye. Mzee Povu akawaeleza taratibu kwamba huo ndio mstari pekee ambao tapeli hawezi kuuiba, kwa sababu hana mtungi wa kuuleta mlangoni. Akiuweka kwake, amejifungia duka. Mkurugenzi akasema wazo ni zuri lakini haliwezekani. Mzee akasimama, akavaa kofia yake.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Basi twende ukamwambie mwalimu mwenyewe kwa nini haiwezekani. Siyo mbali."

Mlango ulikuwa wazi, tulisikia sote. Mkurugenzi alitoka naye, wakavuka uwanja, madereva wakaacha drafti kuwatazama. Walifika mpaka getini. Mkurugenzi akasimama pale na mkono kwenye chuma, kwa muda. Halafu akageuka, akarudi ndani, akamwambia Binti Rangi auweke ule mstari. Namheshimu kwa hilo, na nimemwambia nitaliandika.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa laini. Mitungi mingine imepotea kweli, na mhasibu hatuachi tusahau. Lakini simu yangu haipumziki, na hakuna tena anayeniuliza kama bado tupo.

Mwezi uliopita wezi walirudi. Tovuti yao mpya ilikuwa nakala ya yetu, nzuri mno: rangi zetu, pole yetu, fundi wetu kijana akitabasamu na kopo lake. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mstari ule. Mahali pake walikuwa wameweka picha ya maua. Hatukuiona sisi, pamoja na kompyuta zetu zote. Simu iliita mapokezi, na sauti niliyoijua ikaniomba nimwite mzee. Ilikuwa sauti ya mwalimu. Kumbe kila jioni, akimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, hukaa sebuleni karibu na ile cherehani na kulitafuta jina letu kwenye simu, kama alivyolitafuta siku ile. "Wamekuja tena, baba," alimwambia. "Mstari haupo. Nimeshawaambia wazazi wote wa shuleni, wasipouona wasilipe." Mzee alimshukuru, akaweka simu chini, akalia mbele yetu sote, na hakuna aliyejifanya hajaona.

Mzee Povu, tunakushukuru kwa mitungi yote ambayo haikuvuja. Tunakushukuru kwa kukaa kwenye lile benchi wakati sisi wengine tulikuwa tunatafuta pa kutazama. Mwalimu hajasema amekusamehe, nawe hujamwomba, na humu ndani hatutakutakia usahau kwa sababu umetukataza. Tunakutakia afya, wajukuu wenye kelele, na usingizi unaokuja bila kuitwa. Vua ovaroli uende nyumbani, mzee wetu. Kazi ya kulitafuta jina letu kila jioni, kwa macho ya mtu ambaye mgonjwa wake anahema chumba cha pili, tumejigawia zamu sisi tunaobaki, ili mwalimu asiifanye tena peke yake.